Sauti Iliyobaki: Mwenye Wimbo wa Tisa

"Zima," yule mama alirudia pale mlangoni.

Ndipo tulipokatishana utamu wiki jana. Mazin yuko mbele na gitaa lake. Watu thelathini wamekaa kwenye viti vya plastiki, ghorofani juu ya duka la vitenge, Mtaa wa Narung'ombe. Wimbo wa tisa unatoka kwenye spika. Ghafla anaingia mama mmoja mwenye baibui jeusi, hakualikwa na mtu, anaamuru muziki uzimwe.

Ummy, dada aliyekaa kwenye mitambo, alimtazama Mazin. Mazin akainamisha kichwa kumkubalia. Ummy akabonyeza, na sauti ya mwanamke iliyokuwa imejaza chumba ikakatika katikati ya neno.

Kelele za Kariakoo zikaingia madirishani, honi, mikokoteni, vipaza sauti vya wauza viatu.

"Shikamoo, mama," Mazin alisema.

"Marahaba," alijibu kwa mazoea, kisha uso ukakaza tena. "Hiyo sauti ni yangu. Sikumpa mtu ruhusa ya kuipiga."

Kwa aliyetukuta njiani, maneno machache. Mazin ana miaka arobaini na moja. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mwimbaji wa Nondo, bendi ya roki iliyozaliwa kwenye stoo ya duka hilo hilo, na sifa yake ilikuwa ukelele. Bongo nzima hakuna aliyepiga ukelele kama ule. Miaka miwili iliyopita alitema damu jukwaani. Akapasuliwa koo. Daktari akamwambia kuongea ataongea, kuimba kidogo ataimba, ila ukelele asahau. Kwa nusu mwaka aliishi kwa kuandika kwenye vikaratasi. Nondo wakachukua mwimbaji mwingine, wakadumu miezi minane, wakasambaratika.

Sauti Iliyobaki ndiyo albamu yake ya kwanza peke yake. Ina nyimbo tisa na hakuna mbili zinazofanana. Wa kwanza ni mchiriku, kinanda kikilia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Wa pili Mazin ananong'ona juu ya kinanda cha mkono cha Kihindi, kile cha kupampu kwa kiganja, na aliyekipiga ni Ranjanben, mama mwenye duka na mwenye nyumba. Wa nne ni gitaa tupu. Wa sita haimbi kabisa, anaongea tu kama mtu aliye kijiweni. Roki ni moja, nayo inaimbwa chini chini mpaka mashabiki wa zamani, waliokuja na fulana zao nyeusi za Nondo, wakawa wanatazamana.

Fikirini, mtangazaji wa redio, alikuwa ameshatamka kwamba jamaa huyu hajui anataka kuwa nani. Wa tisa ndio uliomnyamazisha. Ulikuwa na sauti ya mwanamke asiyejulikana, iliyorekodiwa mwaka 1984 kwenye utepe uliosahaulika, na chini yake gitaa la Mazin likimfuata taratibu kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Kampuni ya Nairobi iliyokubali kuisambaza albamu iliikubali kwa wimbo huo. Zile nane nyingine walizipokea tu kwa sababu zilikuja nao. Na Fikirini alikuwa ameutangaza wiki nzima: Jumamosi, saa sita kamili mchana, moja kwa moja kutoka Kariakoo.

Ilikuwa saa tano na robo.

Fikirini ndiye aliyeinuka kwanza. Alisema kwa upole wa kazini kwamba mtu yeyote anaweza kupanda ngazi na kudai sauti, hasa akisikia kuna redio.

Yule mama hakubishana naye. Alimtazama Mazin peke yake.

"Hapo mmepiga ubeti wa kwanza, mkarukia wa tatu," alisema. "Wa pili mmeuacha. Nikuambie?"

Akausema, bila kuuimba, macho yakiwa sakafuni:

*Barua nimekutuma, usipite kwa jirani,*
*Ufike kwake mapema, yu peke kibarazani,*
*Akiuliza mwandishi, mwambie hajulikani.*

Ubeti ule Mazin alikuwa ameukata mwenyewe, kwa sababu utepe ulikuwa umeharibika na maneno yalisikika kwa shida. Waliousikia ni yeye na Ummy tu. Hakuna mtu mwingine pale ndani ambaye angeweza kuujua.

"Ni kweli," aliwaambia watu. "Upo. Uko hivyo hivyo."

Chumba kizima kikaanza kunong'ona.

Mama alijitambulisha kwa jina la Zeina. Alisema yeye na mumewe walikuja kununua vitambaa, mume akaenda kuegesha gari upande wa Mnazi Mmoja, naye akiwa dukani chini akasikia sauti inatoka dirishani. Alitaka wimbo ufutwe kabla mumewe hajarudi. Mazin alipomuuliza kwa nini, alisogea karibu ili wengine wasisikie.

"Saif akiusikia huo wimbo, mwanangu, nyumba yangu ya miaka arobaini imekwisha leo."

Mazin alimwomba waingie chumba cha nyuma. Akamwita na Ranjanben, maana utepe ulitoka kwenye maboksi ya marehemu mumewe. Mzee Chandu aliuza vitambaa mchana, na jioni alimrekodi yeyote aliyekuja na wimbo. Boksi la utepe ule lilikuwa na maneno matatu tu: Mwanamke, Ijumaa, 1984. Mazin alikuwa amemtafuta mwenye sauti kwa miezi minne, kuanzia wazee wa taarabu wa Ilala mpaka Tanga. Hakumpata.

Njiani walipita mbele ya mtu mrefu aliyekaa kiti cha mwisho, amefunga mikono kifuani. Huyo ni Sagar, mtoto wa Ranjanben, mpiga gitaa wa Nondo. Hawajasemeshana na Mazin tangu siku ile ya damu. Hospitali hakukanyaga. Leo amekuja, hakuna ajuaye kwa nini, na tangu wimbo wa kwanza hajapiga makofi.

Mlango wa chumba cha nyuma ulipofungwa, Zeina alianza kusema upya juu ya ruhusa. Ranjanben hakumsikiliza. Alikuwa anamwangalia usoni, anasogea, anainamisha kichwa upande huu na upande ule. Mama huyu wa miaka sabini na minne husahau majina ya wateja wake wa juzi, lakini sura hazimpotei.

"Wewe nakukumbuka," alisema.

Zeina alirudi nyuma hatua moja.

"Ijumaa ile mimi nilishika mlango, watoto wasipige kelele. Mlikuja wawili. Wewe ulikaa hapo, juu ya marobota. Ulilia mpaka Chandu akasimamisha mashine." Ranjanben alinyoosha kidole, akakirudisha. "Aliyeimba ni yule mwingine. Yule mrefu. Sauti si yako."



Mazin alikaribia kucheka kwa jinsi mzigo ulivyomtoka mabegani. Kama huyu siye mwenye sauti, hana la kumkataza. Wimbo ungebaki, Nairobi wangebaki, saa sita ingefika salama. Alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia hivyo.

Zeina akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akaanza kueleza, na alieleza kama mtu anayetapika.

Yule mrefu ni dada yake, Arwa, aliyempita kwa miaka mitatu. Arwa alikuwa akimpenda Saif, kijana wa duka la jirani, akawa anamwandikia barua za mashairi bila kuweka jina. Mpelekaji wa barua alikuwa Zeina. Saif akazipenda barua kuliko alivyowahi kupenda kitu, na siku moja akamuuliza Zeina ni nani anayeziandika.

"Nikamwambia ni mimi," alisema Zeina. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitaka mara moja tu mtu anitazame vile."

Posa ikaja. Arwa akajua. Hakupiga kelele wala hakumwambia baba yao. Alichofanya ni kuichukua barua ya mwisho, akaitia sauti, akaja hapa kwa Chandu kuiimba, na akamlazimisha mdogo wake akae asikilize hadi mwisho. Wiki moja kabla ya harusi akaondoka. Saif alipouliza shemeji yake yuko wapi, Zeina alimwambia kwanza kwamba kaenda Tanga. Baadaye, swali lilipozidi kurudi, akamwambia amefariki.

"Amefariki kweli?" Mazin aliuliza.

"Sijui."

Alisema Saif bado anazo zile barua. Zimo kwenye mkebe wa biskuti, juu ya kabati, na kila mwaka siku ya ndoa yao humsomea mojawapo. Akisikia maneno yale kwa sauti nyingine atajua amelala pembeni mwa nani kwa miaka yote hiyo.

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika ishirini na tano.

Mazin alitoka akasimama dirishani. Sasa alikuwa na sababu nzuri ya kukataa, na sababu ile haikumkaa moyoni. Zeina hakuwa na ruhusa ya kutoa wala kukataza. Lakini na yeye je? Alimtafuta mwenye sauti, akamkosa, akajiruhusu. Alikumbuka alipolala wodini bila neno kinywani, akasikia kwenye simu ya nesi bendi yake ikiimba nyimbo zake kwa mdomo wa mtu mwingine. Hakuna aliyemuuliza. Walidhani amekwisha.

Alimfuata Ummy, akamwambia autoe wimbo wa tisa.

Ummy alidhani ni kwa leo tu. Mazin akasema atoe kabisa, kwenye kila nakala, mpaka Arwa apatikane au kaburi lake lionekane. Ummy alishusha sauti akamkumbusha Nairobi. Akamkumbusha miaka miwili. Akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliacha kazi ya kuajiriwa kwa ajili ya albamu hii. Machozi yalimlenga, lakini vidole vikafanya alichoambiwa.

Fikirini alikuja mbio mbio. Alikuwa amesikia, na hakukubali. Kwenye kompyuta yake nakala anayo, alisema, na saa sita ikifika ataipiga, kwa sababu amewaahidi wasikilizaji na hana cha kuweka mahali pake. Mazin alimwomba. Akakataa. Mazin alimwambia kuna nyumba ya watu itavunjika. Fikirini akajibu kwamba nyumba za watu huvunjika kila siku na redio haizimwi.

"Nipe kingine, basi," alisema mwishowe, anaangalia saa. "Na zisiwe hizi nane, watu wangu watanicheka. Nipe kitu hakuna aliyewahi kukisikia. Nakupa dakika kumi na tano."

Kitu hicho kilikuwepo.

Mazin alikuwa ameuandika hospitalini, kwenye vile vikaratasi, na hakuwahi kuuimba hata peke yake bafuni. Uliandikwa kwa koo la zamani. Ulipanda juu mahali ambapo daktari alimwambia asiende tena. Alimwambia Fikirini atauimba yeye, hapa hapa, moja kwa moja.

Ummy alimshika mkono akamuuliza kama amerukwa na akili. Koo likikataa katikati, nchi nzima itasikia. Hakutakuwa na albamu ya mtu ambaye nchi nzima imemsikia akishindwa.

Mazin alirudi mbele. Alijaribu kulishika gitaa na kugundua vidole vinatetemeka kiasi cha kushindwa kubana nyuzi. Akalishusha. Watu walikuwa wanamtazama. Mmoja wa wale wa fulana nyeusi alikuwa ameshatoa simu kurekodi.

Kiti cha mwisho kilisogea. Sagar alikuja mbele polepole, akaliokota gitaa, akalijaribu nyuzi moja moja.

"Naanzia wapi?" aliuliza.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Mazin baada ya miaka miwili. Mazin alimwonyesha karatasi. Sagar aliisoma, akarudia kuisoma. Katika vile vikaratasi mstari wa tatu ulikuwa unamtaja yeye. Alisema tu kwamba ataanza chini sana, na Mazin akiona hafiki asilazimishe, yeye atamfuata popote atakapokwenda.

Saa sita kamili Fikirini alifungua maiki. Alisema kuna mabadiliko. Akasema jina la Mazin, wa zamani wa Nondo, na akasogea pembeni.

Mtaani chini, kila duka lenye redio lilikuwa kwenye stesheni ile.

*Leteni kalamu niombe maji,*
*Leteni kalamu niseme nipo,*
*Leteni kalamu nimwite Sagar,*
*Mwambieni kitanda cha pili nipo.*

Ubeti wa kwanza ulipita. Sauti ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, kama kabati linaloburutwa kwenye sakafu ya saruji. Sagar aliinama juu ya gitaa na hakuinua uso. Ubeti wa pili ukapita. Kisha ikafika ile sehemu ya kupanda, na Ummy akafumba macho.

Mazin alipanda. Koo likakataa.

Ikawa sekunde moja redioni bila sauti yake, na kwenye redio sekunde moja ni ndefu. Sagar hakusimama. Aliurudia mlio ule ule, mara mbili, mara tatu, anamsubiri. Na Mazin, badala ya kupanda tena, akaushusha wimbo chini kabisa, chini kuliko alivyowahi kuimba maishani, karibu na kuongea, akalimalizia lile neno huko huko chini.

Mama mmoja wa dukani, aliyekuja kwa udadisi tu, alishika mdomo. Yule wa fulana nyeusi alisahau simu yake hewani. Wimbo ulipokwisha wakapiga makofi wote, na Fikirini akafunga maiki, akabaki amekaa.

"Ningekuja hospitali," Sagar alisema kwa sauti ya chini. "Nilifika getini mara mbili. Niliona ukiniona utataka kuongea, utajiumiza."

Mazin alimshika begani. Koo lilimuuma na hakutaka kulitumia kwa kitu kingine.

Zeina alikuwa amesimama karibu na ukuta, uso umelegea kwa mara ya kwanza. Alimwambia Mazin Mungu amlipe. Akasema sasa ateremke, mumewe atakuwa anamtafuta.

Mumewe alikuwa mlangoni.

Saif ni mzee mwembamba, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, simu mkononi. Hakuonekana mtu aliyepanda ngazi sasa hivi. Alionekana mtu aliyesimama hapo kitambo.

"Muliuzima haraka," alisema. "Lakini mimi nilikuwa sijafika mbali na gari. Niliusikia tangu mwanzo wake."

Zeina alianza kusema kitu. Saif aliinua kiganja, bila ukali.

"Nikampigia mwenyewe, nikamwinulia simu dirishani mwa gari asikie."

"Mwenyewe nani?" Zeina aliuliza.

"Arwa."

"Arwa alifariki," Zeina alisema. Lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka kwa miaka yote.

"Arwa yuko Magomeni." Saif alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Huu mwaka wa kumi na moja najua. Barua na mwandishi wake, yote najua. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe, Zeina. Kila mwaka nilikusomea moja ili upate pa kuanzia."

Ranjanben akasema jambo kwa Kigujarati, polepole, kwa ajili yake mwenyewe.

Zeina hakulia. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua.

Simu ya Saif ikaita. Aliitazama, hakuipokea. Akavuka chumba na kumkabidhi Mazin, akamwambia aipokee yeye, hii si ya Saif.

Mazin aliiweka sikioni. Aliijua sauti kabla haijamaliza salamu. Ilikuwa ile ile ya kwenye utepe, imezeeka miaka arobaini, imepungua kidogo tu.

"Ni wewe uliyeimba sasa hivi?"

"Ni mimi, mama."

"Nimekusikiliza kwenye bajaji. Pale koo lilipokukatalia, nikamwambia dereva asimame." Alipumua kwa shida, kama mtu anayepanda. "Habari za wimbo wangu tutaongea mimi na wewe, tena kwa kirefu. Sasa nijibu moja. Mdogo wangu yumo humo?"

Mazin aliinua macho. Zeina alikuwa anamtazama.

"Yumo," alijibu.

"Basi simama mlangoni, baba. Usimwache atoke. Niko ngazini."

Chumba kile kina mlango mmoja tu wa kutokea, na Zeina alikuwa ameshaanza kuuendea.